Ndevu za mpunga na mjumbe mdogo aliyenyamazishwa



Mwezi uliopita mnunuzi mmoja anayezunguka mabonde ya chini ya Newala alinipigia simu akilalamika. Alinunua mpunga kwa gunia, na magunia yalionekana yameshiba, lakini alipofika kwenye mizani kilo zilipungua. Alipomimina mpunga chini akaona punje nyingi zina ule unywele mgumu unaochomoza kwenye ncha, ambao wengine huuita ndevu na wengine mwiba. Ndevu zinazuia punje kulala pamoja, kwa hiyo gunia linajaa hewa. Akaniuliza, huu mpunga wa ndevu unatoka wapi, na kwa nini kila mwaka unaongezeka?

Wiki hiyohiyo mkulima wa upande wa Masasi alinitumia picha ya chupa aliyoikuta dukani, imeandikwa kwamba ina homoni za kuongeza punje kwenye suke. Fedha za korosho ziko mfukoni, mvua zinakaribia, anataka kujua anunue au asinunue.

Nilipokaa kuwajibu niliona maswali haya mawili yanatoka kwenye historia moja. Ni historia ya namna binadamu walivyogundua kwamba mpunga una mawasiliano yake wa ndani, na namna mababu wa mbali walivyoyabadilisha mawasiliano hayo bila kujua, kwa mikono tu. Nitaisimulia kwa urefu kidogo, kwa sababu inagusa mfuko wa kila anayelima bondeni.

Homoni ni ujumbe. Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu, lakini lazima mzizi ujue jani linataka nini, na suke lijue lini litoke. Kwa hiyo mmea hutengeneza vitu kwa kiasi kidogo sana ambavyo kazi yake si chakula wala mbolea. Kazi yake ni kupeleka amri: refuka, gawanyika, toa chipukizi, acha kutoa chipukizi, toa ua. Kiasi kikizidi au kikipungua, mmea unakwenda mrama.

Mpunga ndio uliowafundisha wanasayansi somo mojawapo kubwa la homoni, na lilianza na ugonjwa. Wakulima wa Japani walikuwa wanaona kitaluni baadhi ya miche inarefuka ghafla kuliko wenzake, myembamba, yenye rangi ya njano iliyofifia. Mgeni angeisifu kwa kukua haraka. Wenyewe waliiita bakanae, maana yake mche mpumbavu, kwa sababu mingi ilikufa mapema na iliyobaki ilitoa mapepe. Mwaka 1926 mtafiti Mjapani Eiichi Kurosawa, aliyekuwa akifanya kazi Taiwan, alimkuza ukungu wa ugonjwa huo kwenye maji yenye virutubisho, kisha akayachuja maji mpaka ukungu wote ukatoka. Akayaweka yale maji matupu kwenye miche mizima, nayo ikarefuka kama migonjwa. Ikajulikana kwamba anayerefusha si ukungu wenyewe bali kitu anachokitoa. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta wa Tokyo alikipa kitu hicho jina, jiberelini. Vita Kuu ya Pili ikapita, na katika miaka ya 1950 Waingereza na Wamarekani nao wakaanza kukichunguza. Kilichowashangaza wote ni kwamba mimea yenye afya hutengeneza jiberelini yake yenyewe kila siku, kwa kipimo chake. Ukungu ulikuwa umejifunza kuiga sauti ya mwenye nyumba.

(Ugonjwa huo husafiri na mbegu. Ukiona kitaluni miche michache imewapita wenzake kwa urefu, imekonda na ni ya njano, ing'oe na kuichoma, na usichukue mbegu kwenye shamba hilo.)

Nimelieleza hili la miche mipumbavu kwa makusudi. Watu wengi wanaponiuliza kuhusu dawa za kukuza wanaonyesha urefu kwa mkono: bwana shamba, ulikuwa hapa, sasa uko hapa. Urefu si mavuno. Wanaolima Supa wanalijua hilo vizuri. Ni mpunga mrefu, unanukia, soko linaupenda, lakini ukiuzidishia mbolea ya kukuzia na upepo wa mwisho wa msimu ukauvamia, unalala chini na panya wanafurahi.

Mapinduzi makubwa ya mpunga ya karne iliyopita yalikuja kwa kuufupisha. Katika kituo cha utafiti wa mpunga cha kimataifa cha IRRI, nchini Ufilipino, watafiti walichukua mpunga mfupi wa Taiwan uitwao Dee-geo-woo-gen wakauzalisha na mpunga mrefu wa Indonesia uitwao Peta. Mwaka 1966 wakatoa mbegu iliyoitwa IR8. Ilikuwa na bua fupi na imara, hivyo ilikula mbolea bila kulala, na nguvu ikaenda kwenye punje. Wakati huo hakuna aliyejua ufupi ule unatokana na nini ndani ya mmea. Jibu lilipatikana mwaka 2002: jeni moja inayosaidia kutengeneza jiberelini ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mmea ulipata amri ndogo ya kurefuka. Homoni ileile iliyozidi kwa mche mpumbavu ilipunguzwa kwa IR8, na njaa ikapungua katika nchi nyingi za Asia. Kwetu Tanzania, wakulima waliona faida ya bua fupi hasa kupitia TXD 306, ile tunayoiita SARO 5, iliyotoka Dakawa mkoani Morogoro na kuingia mashambani mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Baada ya jiberelini zilijulikana nyingine. Mojawapo mnaitumia hata kama hamjui. Dawa ya magugu ya 2,4-D, iliyotengenezwa miaka ya 1940, ni mwigo wa homoni ya mmea iitwayo oksini. Gugu la majani mapana likipuliziwa linapata amri nyingi kupita kiasi, linajipinda, linakua hovyo mpaka linakufa, na mpunga unabaki. Kwa hiyo homoni kwenye chupa si uongo wala uchawi, ipo. Ila mwangalie kazi yake.

Sasa tuje kwa wajumbe wadogo, ambao ndio waliobeba jibu la ndevu.

Kwa binadamu na wanyama ilijulikana zamani kwamba baadhi ya homoni ni vipande vya protini. Protini ni kama uzi wa shanga, na kila shanga ni asidi amino. Uzi ukiwa mfupi unaitwa peptidi. Wenye ndugu anayeugua kisukari wanaijua insulini, iliyopatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921. Hiyo ni homoni ya aina hii. Lakini kwa miaka mingi wataalamu wa mimea waliamini kwamba mimea haitumii wajumbe wa namna hiyo. Mwaka 1991 kundi la Clarence Ryan katika jimbo la Washington, Marekani, lilipata peptidi ya shanga 18 kwenye nyanya. Jani likitafunwa na mdudu, mjumbe huyo anauamsha mmea utengeneze kinga. Mwaka 1996, huko Nagoya, Japani, Yoshikatsu Matsubayashi na Youji Sakagami walipata nyingine fupi zaidi, shanga 5 tu, inayozihimiza seli kugawanyika. Waliitoa kwenye seli za mmea wa asparaga, lakini mwaka 1999 jeni inayoitengeneza ilionekana kwenye mpunga.

Tangu hapo zimeonekana nyingi. Nyingine zinapima idadi. Ukilipasua ua la mpunga kwa ukucha asubuhi linapofunguka, utahesabu nyuzi sita za chavua na kikonyo kimoja cha kike katikati. Kwa nini sita, si nane? Mwaka 2006 watafiti wa mpunga walionyesha kwamba kuna peptidi inayolizuia lile fundo la seli changa lisivimbe kupita kipimo. Mpunga uliopoteza peptidi hiyo hutoa maua yenye viungo vya ziada. Mjumbe huyu husema neno moja tu, inatosha.

Nyingine husafiri mbali. Mwaka 2014 ilielezwa, kwa kutumia mmea mdogo wa jamii ya kabichi ambao wataalamu hupenda kuufanyia majaribio, kwamba mizizi ya upande wenye njaa ya nitrojeni hutuma peptidi mpaka kwenye majani, na majani hujibu kwa kuiamuru mizizi ya upande wenye chakula ivute zaidi kufidia. Mimi nilipolisoma hilo nilifikiria jinsi tunavyomwaga urea mafungu mafungu kwenye jaruba. Mmea unajitahidi kusawazisha makosa yetu, ingawa kwa gharama.

Lakini hadithi kubwa ni ya ndevu.

Mpunga wa mwituni una ndevu ndefu zenye vimeno vidogo vya kukwaruza. Zinausaidia. Ndege na wanyama hawapendi kuumeza, na punje ikidondoka, ndevu zinaisaidia kujichomeka ardhini. Mpunga huo pia hudondosha punje mara zinapokomaa, usingojee mvunaji. Ulijilima wenyewe kabla ya kuwapo jembe.

Katika bonde la mto Yangtze huko China, zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, watu walianza kuchukua mbegu na kuzipanda. Ukivuna, ukipura na kutwanga kwa mikono, ndevu ni adui. Zinachoma, zinajaza kapu bila uzito, zinakwama kwenye kinu. Aliyekuwa anachagua mbegu, na kwa sehemu nyingi za dunia kazi hiyo imekuwa ya akina mama, alichukua masuke yaliyo laini. Mwaka hadi mwaka, mama hadi binti, mpunga wa ndevu ukaachwa nyuma.

Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti, moja la Wachina na jingine la Wajapani, yalieleza kilichokuwa kikichaguliwa. Kwenye mpunga wa mwituni kuna jeni inayotengeneza peptidi fulani. Peptidi hiyo ikifika mahali pake kwenye ncha ya ua changa, inaamuru ndevu ziote. Katika mpunga wetu wa Asia jeni hiyo imekatika: kosa dogo katika maandishi yake limevunja umbo la peptidi, na amri haisikiki tena. Na si ndevu tu zilizobadilika. Wachina walionyesha kwamba mjumbe yule anaponyamaza, punje zinakuwa fupi kidogo lakini idadi yake kwenye suke inaongezeka. Yaani yule mama aliyekuwa anakwepa kuchomwa vidole alikuwa, bila kujua, anaongeza mavuno. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi mtamu kuliko yote niliyoyasoma kuhusu mpunga. Kazi ya kuzuia homoni ya peptidi isifanye kazi kwenye mpunga ilifanyika maelfu ya miaka kabla ya maabara.

Haikuwa jeni hiyo peke yake. Ziko nyingine zinazohusika na ndevu, na ndiyo maana ziko mbegu halali zenye ndevu fupi, tena baadhi huotesha ndevu zaidi au pungufu kutegemea shamba na mwaka. Hata Afrika ina historia yake. Watu wa bonde la mto Niger walifuga mpunga wao wenyewe, tofauti na ule wa Asia, na wao pia waliondoa ndevu. Watafiti walipoukagua mpunga huo wakakuta ile jeni ya peptidi bado nzima. Waafrika walifika palepale kwa njia nyingine, kwa kubadilisha jeni tofauti. Wakulima wa mabara mawili ambao hawakuwahi kuonana walikataa kitu kilekile.

Mpunga tunaoulima kusini ni wa ukoo wa Asia, na ulifika pwani yetu kwa bahari. Huko Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale wamepepeta majivu ya majiko ya zamani na kuhesabu punje zilizoungua. Katika kijiji cha Tumbe, karne ya 7 hadi ya 10, watu walikula zaidi uwele, na mpunga ulikuwa kidogo. Chwaka, kijiji kilichofuata kuanzia karne ya 11, mpunga ukashika nafasi ya kwanza. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alipewa Mogadishu wali uliopikwa kwa samli, kisha akaendelea mpaka Kilwa. Chakula cha heshima kilikuwa tayari ni wali, kama ilivyo leo kwenye harusi zetu.

Kutoka pwani mbegu hufuata mito na njia za biashara. Huku kwetu mpunga haukupanda juu ya uwanda. Mchanga wa Newala hunywa maji yote, na wazee wa Kimakonde wanasimulia kwamba mababu walikatazwa kukaa karibu na maji kwa sababu watoto waliozaliwa bondeni hawakuishi. Kwa hiyo makazi yako juu na majaruba yako chini, bonde la Ruvuma kwa upande mmoja, na kwa Masasi bonde la Lukuledi kuelekea Ndanda. Anayelima mpunga huteremka. Umbali huo kati ya nyumba na shamba una madhara ambayo hatuyasemi sana. Shamba la mbali halitembelewi kila siku, na mmea wa kigeni unaoota humo hauonwi mpaka siku ya kuvuna.

Hapo ndipo jibu la mnunuzi wangu lilipo. Mpunga hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ndevu haziingii shambani hasa kwa chavua ya jirani. Zinaingia kwa mchanganyiko. Mpunga pori unaota kwenye kingo za maji na kwenye matuta. Unakomaa mapema na kudondosha punje zake jarubani kabla hujavuna, na zilizobaki unazivuna pamoja na mpunga wako. Turubai la kupuria linatoka shamba moja kwenda jingine bila kukung'utwa. Mashine ya kupura inakuja na punje za jana. Mwisho unachukua debe kutoka rundo lilelile unaita mbegu. Kila msimu unaporudia, unafanya kinyume cha yule mama wa Yangtze: unampa mjumbe aliyenyamazishwa nafasi ya kusema tena.

Hasara yake haiishii kwenye uzito wa gunia. Punje nyingi za mpunga pori ni nyekundu ndani. Zikifika mashineni mchele unatoka na michirizi, mwenye mashine anarudia kukoboa ili uwe mweupe, na chenga zinaongezeka. Mfanyabiashara akishaliona hilo mara mbili, msimu unaofuata anashusha bei kwa bonde zima, hata kwa aliyevuna mpunga safi.

Nirudi kwenye ile chupa. Sina sababu ya kusema kila chupa ni ya kitapeli. Jiberelini inauzwa kihalali duniani, na China huitumia kwenye mashamba ya kuzalisha mbegu chotara za mpunga, ili masuke yachomoze vizuri na kupokea chavua. Hiyo ni kazi maalumu, kwa kipimo na siku maalumu, chini ya jicho la mtaalamu. Kumwagia jiberelini mpunga wa chakula ambao tayari ni mrefu ni kuutafutia kulala.

Kwa peptidi hali ni ngumu zaidi. Nyingi hufanya kazi kati ya seli na seli jirani, ndani ya fundo dogo kuliko kichwa cha sindano, kwa siku chache, suke likiwa bado limejificha ndani ya bua. Ukipulizia juu ya jani, mjumbe lazima apite ngozi ya jani, asiliwe na vimeng'enya wala bakteria, na afike mahali sahihi siku sahihi. Tena kumbukeni yale ya ndevu: punje ziliongezeka mjumbe aliponyamaza, si alipoongezwa. Anayekuambia homoni zaidi ni punje zaidi hajaisoma historia ya mpunga. Sisi wa kusini tunazo kumbukumbu za miradi ya ahadi kubwa. Karanga za Waingereza pale Nachingwea zilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa matrekta na fedha nyingi kabla ardhi na mvua havijaeleweka, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Ukitaka kununua chochote cha kupulizia, geuza chupa usome nyuma. Kiuatilifu lazima kiwe kimesajiliwa na TPHPA, mbolea na virutubisho vyake TFRA. Angalia jina la kiambato na kiasi chake, siyo picha ya suke. Kama imeandikwa tu homoni asilia bila kutaja ni ipi, rudisha rafu. Na mwuzaji akisema matokeo ameyaona, mwombe akuonyeshe shamba lenye kipande kisichopuliziwa pembeni. Bila kipande hicho hakuna anayejua kama iliyofanya kazi ni dawa au ni mvua.

Elimu ya peptidi itatufikia, ila kwa njia ya mbegu. Mwaka 2019 watafiti wa Sheffield, Uingereza, na wenzao wa IRRI walieleza jinsi walivyotumia peptidi nyingine ya ukoo uleule wa ile ya ndevu. Kazi ya hii ni kupunguza vitundu ambavyo jani hupumulia. Walipoufanya mpunga wa IR64 uitengeneze kwa wingi, majani yakawa na vitundu vichache, yakapoteza maji kidogo, na mmea ukavumilia ukame zaidi. Ulikuwa mpunga wa majaribio, uliobadilishwa jeni, hauuzwi dukani. Kwa sisi tunaongoja mvua moja tu kwa mwaka, ni habari ya kuifuatilia. Kwa msimu huu, kazi iliyo mikononi mwetu ni ile ya zamani ya kuchagua mbegu.

Kama unaweza kununua mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, nunua, na anza na kiasi kidogo ukizalishe mwenyewe. Kama huwezi, chagua kwenye shamba lako masuke yakiwa bado yamesimama. Hili la kusimama ni muhimu, kwa sababu ukishapura ndevu hukatika, na punje ya mpunga pori iliyokatika ndevu inafanana na nyingine. Wala maji ya chumvi hayatakusaidia kwa hilo. Yale ya kuelea yai yanatenga mapepe na punje nyepesi, ni kazi nzuri na uifanye, kisha suuza mbegu kwa maji safi. Lakini punje ya ndevu iliyoshiba huzama pamoja na njema.

Pita jarubani mara mbili: mpunga unapotoa masuke, na tena unapoanza kuwa njano. Ng'oa kila mmea wenye ndevu usiofanana na wenzake, uliotangulia kukomaa, au unaodondosha punje ukiugusa, uutoe nje kabisa ya jaruba. Usiuache kwenye tuta. Siku ya kuvuna, ingia kabla ya wavunaji, katikati ya shamba, mbali na kingo na mkondo wa maji, ukate masuke kwa kisu. Chukua yaliyojaa, ya urefu sawa, yasiyo na ndevu wala doa. Suke zuri lenye punje 120 hutoa kama gramu 3, kwa hiyo masuke 350 yanakupa takriban kilo moja. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili. Yapure kwa mkono juu ya kitambaa safi, ponda punje chache uone kama ndani ni nyeupe, kausha, hifadhi peke yake.

Kilo hiyo moja, ukiiotesha kitaluni na kupandikiza mche mmoja mmoja kwa sentimita 20 kwa 20, inatosha kama robo ekari. Robo ekari hiyo ndiyo iwe shamba lako la mbegu. Ivune kwanza kabla mashine haijagusa mpunga mwingine, na mavuno yake yatapanda shamba zima mwaka unaofuata, pamoja na la jirani kama atakuomba.